Acha kujificha kwanza: hatua za kutafuta uhuru wa kiroho na uwepo wa Mungu

Kuna swali naulizwa sana, na wanaoniuliza sio wachanga wa imani, ni watu waliookoka siku nyingi, wa kwaya, wa mikesha, wanaojua mistari kuliko mimi. Ananivuta pembeni ananiambia "mbona sisikii kitu?" Yaani anaomba, anafunga, hakosi ibada, lakini ndani ni kama simu isiyo na mtandao, inawaka vizuri tu ila haipigi. Na juu ya hapo kuna kitu kinambana, hasira ya zamani, hofu, tabia fulani ya sirini, hawezi kukiacha na hawezi kukisema.

Mi sio mchungaji wala sina cheo chochote kanisani. Ila hiyo hali naijua, nimeishi nayo karibu miaka miwili huku nikiimba mstari wa mbele, na njia iliyonitoa nimeshawaelekeza watu kadhaa kwa mdomo, sasa naona niiandike tu.

Kabla ya hatua zenyewe soma Mwanzo 3 taratibu, hata kama unaijua kwa kichwa. Swali la kwanza kabisa Mungu anamuuliza mwanadamu kwenye Biblia ni "Uko wapi?" Angalia nani kamkimbia nani hapo. Adamu ameshakula tunda, ameshaharibu, na Mungu bado anakuja bustanini jioni kama kawaida yake, anatembea, anaita. Aliyeko nyuma ya miti ni Adamu. Na jibu lake ni "nikaogopa kwa kuwa mimi ni uchi, nikajificha." Mi naamini wengi wetu tunaosema Mungu yuko mbali tuko nyuma ya mti fulani, na mti wenyewe mara nyingi ni huduma, tunajificha nyuma ya kazi ya Mungu ili tusionane na Mungu. Kwahiyo usianze kwa kumtafuta Mungu alipo, anza kwa kusema wewe uko wapi.

HATUA YA KWANZA: Kiite kitu kwa jina lake

Chukua karatasi. Sio simu, kwenye simu utaanza kusahihisha maneno na kujibu meseji. Kaa peke yako uandike ni nini hasa kinakubana. Hapa ndo wengi tunateleza kwasababu tuna maneno laini sana ya kujifichia, "napitia changamoto", "nina udhaifu kidogo", "shetani ananiandama". Changamoto gani? Andika: nasema uongo. Namwonea wivu ndugu yangu mpaka nafurahi akikwama. Kila usiku naangalia picha za ngono. Sijamsamehe baba na ameshakufa. Ukishaandika utaona mkono unataka kufuta, usifute, ukimaliza hatua zote ichome ukitaka.

Ya kwangu nakuambia. Nilikuwa mtunza hazina wa kwaya, nikapata shida ya nyumbani nikachukua hela ya kikundi bila kumwambia mtu, na nilirudisha yote baada ya wiki kadhaa, hesabu ikakaa sawa, hakuna aliyejua. Sasa mtu atasema si umerudisha, tatizo liko wapi? Tatizo lilikuwa kila mwenyekiti akisimama kusema "tunamshukuru mtunza hazina wetu mwaminifu" watu wanapiga makofi mi natabasamu, na tumbo linajikunja. Nikaanza kuchelewa maombi. Nikaanza kutoa udhuru. Nikiomba peke yangu naishia dakika mbili nahisi kama naongea na ukuta, na kwenye karatasi yangu ya kwanza niliandika "niliazima". Nikaikata. Nikaandika "niliiba". Neno moja hilo lilinichukua kama nusu saa.

Daudi anaisema hii kwenye Zaburi ya 32, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa." Sikiliza vizuri anachosema, kilichochakaza mifupa hapo ni kule kunyamaza.

HATUA YA PILI: Jifunze kutofautisha sauti mbili

Ukishaandika zitakuja sauti. Moja inasema "wewe ni takataka, umekuwa hivi siku zote, Mungu amekuchoka." Nyingine inasema "lile jambo la mwezi wa tatu, nenda karekebishe." Ya kwanza ni ya jumla, haina mlango wa kutokea, inakusukuma ukajifiche zaidi. Ya pili ni ya kitu kimoja maalum, inauma lakini inakupa pa kwenda. Roho Mtakatifu akikuonyesha dhambi anakuonyesha na mlango. Hii kanuni imenisaidia kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Warumi 8:1 inasema hakuna hukumu ya adhabu kwa walio katika Kristo Yesu, na neno "sasa" liko mwanzoni kabisa mwa mstari, halisubiri uwe mtu mzuri.

Martin Luther, kabla hajawa yule mwanzilishi wa Uprotestanti tunayemsoma kwenye historia, alikuwa mtawa aliyeteseka na kitu hichi, aliingia utawani mwaka 1505 na alikuwa anaungama masaa kwa masaa, anatoka anakumbuka kadhambi kengine anarudi, mpaka mkubwa wake Staupitz akawa anachoka naye. Alikuwa mkweli kupita kiasi lakini hakuwa huru, kwasababu alikuwa anaungama kwa hakimu. Kilichokuja kumgeuza ni kusoma Paulo na kuelewa kwamba haki ni zawadi inayopokelewa kwa imani. Kwahiyo kuna watu wanaojificha kwa kunyamaza na wengine wanajificha kwa kujichunguza bila kukoma, wote hawajamwangalia Baba usoni.

Kuna neno kwenye Biblia yetu ya Union Version huwa nalipenda. Wagalatia 5:1 inasema "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru." Ungwana! Siku hizi ukisema muungwana unamaanisha mtu mpole, mwenye adabu, lakini zamani mwungwana alikuwa mtu ambaye sio mtumwa, aliyezaliwa huru. Mtumwa anaangalia uso wa bwana wake kila saa kujua leo ameamkaje. Mwana wa nyumba haishi hivyo, anaingia tu, anakosea, anagombezwa, na bado ni kwao. Paulo kwenye Warumi 8 anaweka hivyo hivyo, roho ya utumwa iletayo hofu upande mmoja, na upande wa pili roho ya kufanywa wana ambayo kwa hiyo tunalia Aba, Baba. Ukiomba leo hebu anza na "Baba" alafu ukae kidogo kabla ya kuendelea.

HATUA YA TATU: Mwambie mtu mmoja

Najua. Hapa ndo watu wananikimbia. "Si nimeshamwambia Mungu inatosha?" Kwa msamaha ndio, 1 Yohana 1:9 iko wazi, tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu. Ila Yakobo 5:16 inasema ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, mpate kuponywa, na mi nafikiri kuponywa hapo kuna kitu cha ziada ambacho hakiji ukiwa peke yako.

Angalia Lazaro kwenye Yohana 11. Yesu anaita, maiti inatoka kaburini, mzima kabisa, anapumua, lakini bado amefungwa sanda mikono na miguu na uso umezungushiwa leso. Aliyemfufua mtu wa siku nne alishindwa kumalizia na sanda? Hakushindwa. Aliwageukia waliokuwa wamesimama pale akasema "Mfungueni, mkamwache aende zake." Uhai ulitoka kwa Yesu moja kwa moja, ila sanda ilifunguliwa na mikono ya watu. Kuna watu wameokoka kweli kabisa na wanatembea na sanda miaka kumi kwasababu hawajawahi kumwachia mtu yeyote asogee karibu, maana akisogea atasikia harufu.

Ukichagua mtu usichague kwa cheo. Angalia hivi: je anawaongeleaje watu wengine wasipokuwepo? Akikuletea siri za wenzako leo, za kwako zitaenda kesho. Awe amekomaa, asiwe mtu anayekutegemea wala anayekutawala, na kama suala ni la mambo ya mwili awe wa jinsia yako. Kama wewe ni Mkatoliki au wa makanisa yenye ungamo mbele ya padre, njia ipo tayari na siri inalindwa, itumie. Kama kanisa lako halina utaratibu huo tafuta mzee au mama mmoja mwenye kifua.

Mi nilimwendea mzee mmoja pale kanisani. Nikamwamkia, nikakaa, nikaongea habari za mazoezi ya kwaya robo saa nzima, anaitikia tu. Alafu nikasema. Yaani sentensi moja nikaitoa kama mtu anayetema mwiba, macho chini. Mzee akavua miwani akaikunja akaiweka mfukoni, kimya, mi najua sasa ndo napewa za uso. Akasema "Pole mwanangu. Umetembea na hilo peke yako muda wote huo?" Nikalia kama mtoto. Kiukweli ile ndo siku nilielewa uwepo wa Mungu ni nini, na hakukuwa na kinanda wala mtu aliyeanguka, palikuwa na mzee na viti viwili vya plastiki.

HATUA YA NNE: Rekebisha, na uachilie

Kuna vitu viwili hapa, vya kwako kwa watu na vya watu kwako.

Vya kwako: kinachorekebishika kirekebishe. Zakayo hakuambiwa na mtu arudishe mara nne, Luka 19 inaonyesha alisimama mwenyewe akasema. Mzee aliniambia nikawaambie kwaya. Nilikataa siku tatu. Nilipoenda wengine walinuna, mmoja mpaka leo salamu zake ni fupi, nikavuliwa uhazina na ilikuwa haki. Usitegemee kila mtu atakukumbatia. Ila lile tumbo la kujikunja sijalisikia tena. Angalizo moja tu, kama kuungama kwako kwa mtu fulani kutamuumiza yeye ili wewe upumue, ongea kwanza na yule mtu wako wa hatua ya tatu mpime pamoja.

Vya watu kwako: kusamehe. Kwenye Mathayo 18 kuna mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akaenda kumkaba mwenzake kwa dinari mia. Tukihubiri tunasema dinari mia ni hela ndogo. Sio ndogo! Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kwahiyo mia ni zaidi ya miezi mitatu ya kufanya kazi. Yesu hasemi ulichofanyiwa ni kidogo. Ulidhulumiwa kweli, na iliuma kweli. Ila talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, sasa zidisha mara elfu kumi uone deni lako wewe lililofutwa, hata kwa maisha elfu moja huwezi kulilipa. Kusamehe ni kukiri kwamba deni lipo, kiasi ni hiki, na mimi naacha kulidai, namkabidhi Mungu. Sio kusema hakuna kilichotokea, na wala sio kurudi kwa mtu anayekupiga au anayekuumiza, unaweza kusamehe ukiwa mbali na ukiwa salama na ukiwa umeripoti pia. Na usishangae likirudi kesho asubuhi, unaachilia tena.

HATUA YA TANO: Kaa naye dakika kumi, kila siku, bila ajenda

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu kidogo maana hapa ndo maisha yenyewe.

Yesu kwenye Mathayo 6:6 anasema ingia katika chumba chako cha ndani, ukafunge mlango. Kama huna chumba tafuta kona, au amka kabla ya wengine. Simu iache chumba kingine, sio kuigeuza tu kifudifudi, ikitetemeka mawazo yote yameondoka. Kaa mgongo ukiwa wima maana ukilala utasinzia, naongea kwa uzoefu. Soma zaburi moja, fupi, kwa sauti, mara mbili. Chagua neno moja lililokugusa. Mwambie Mungu chochote kuhusu hilo neno, sentensi mbili tatu. Alafu nyamaza.

Dakika ya kwanza ya kimya ni tamu. Kuanzia ya pili utakumbuka nguo hujaanua, utakumbuka mtu aliyekujibu vibaya mwaka juzi, utataka kuangalia saa. Hiyo sio dalili kwamba umeshindwa, kila mtu ni hivyo. Usigombane na wazo, liachie lipite na urudi, na cha kurudia kuna ile sala ya zamani sana ya Wakristo wa Mashariki, Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi, ni karibu kilio kile kile cha mtoza ushuru wa Luka 18. Isemee taratibu na pumzi, nusu ukivuta, nusu ukitoa. Wazo likikuchukua mara thelathini utarudi mara thelathini, na kule kurudi ndo maombi yenyewe.

Usitafute msisimko. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 aliona upepo unapasua milima, tetemeko, moto, na Bwana hakuwemo, alafu ndo ikaja sauti ndogo ya utulivu. Ila watu wanasahau kilichotangulia. Kabla ya kufika pale Eliya alikuwa amechoka mpaka anaomba kufa, na malaika hakumhubiria hata neno moja, alimpa mkate na maji akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Kwahiyo kama hulali, huli vizuri, unafanya kazi bila kupumzika na unajiuliza mbona simsikii Mungu, anzia hapo. Na kama huzuni imekukalia wiki kwa wiki, au unawaza kujidhuru, nenda kwa daktari na umwambie mtu leo hii, usingoje kumaliza hatua. Dawa na maombi havigombani.

HATUA YA SITA: Toka naye uende naye kazini

Karne ya 17 pale Paris kulikuwa na bradha mmoja wa Wakarmeli, shirika la watawa wa Kikatoliki, anaitwa Ndugu Lawrence, zamani askari, mguu mbovu, akapangiwa jikoni, na kazi ya jikoni alikuwa haipendi hata kidogo. Alichofanya ni kuongea na Mungu humo humo katikati ya sufuria, maneno mafupi, siku nzima, mpaka akawa anasema kwake muda wa kazi na muda wa sala haukuwa na tofauti. Ilimchukua miaka, hakuficha hilo. We tumia vitu unavyovigusa kila siku, ukishika kitasa cha mlango, ukisubiri kompyuta iwake, sema "Baba, nipo." Basi, wala usifanye iwe ndefu.

HATUA YA SABA: Usiku pitia siku

Dakika tano kabla ya kulala. Leo wapi nilikuwa wazi, wapi nilijificha? Shukuru kwa la kwanza, taja la pili kwa jina lake, lala.

Sasa mambo mawili kabla sijaacha.

La kwanza, kuna watakaokuambia njia ya mkato ipo, lipia maombi haya, nunua kitu hichi, minyororo inakatika leo. Simoni wa Samaria kwenye Matendo 8 alileta fedha ili apewe uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, na Petro alimjibu kwa ukali kuliko karibu mahali popote pengine. Ukiona uhuru una bei, ondoka.

La pili, kutakuwa na ukame hata ukifanya kila kitu. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, tarehe 24 Mei 1738 alihisi moyo wake umepata joto la ajabu, ushuhuda maarufu sana, lakini Januari iliyofuata aliandika kwenye shajara yake kwamba yeye sio Mkristo. Na hakuacha, alihubiri zaidi ya miaka 50 baada ya hapo. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta zilizotolewa 2007, miaka 10 baada ya kufa kwake, zilionyesha alikaa kwenye giza la ndani miongo mingi. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia. Kwahiyo wiki ikipita husikii kitu usijifanye unasikia, mwambie hivyo hivyo, "Baba sikusikii", Zaburi ya 13 inaanza na kulalamika hivyo hivyo. Hofu yangu sio kwamba utakauka, hofu yangu ni kwamba utakauka alafu uone aibu urudi nyuma ya mti.

Na utarudi, mi mwenyewe narudi. Yule mzee mpaka leo ananipigia kila baada ya wiki mbili hivi. Juzi kapiga, "Shikamoo baba," "Marahaba mwanangu, uko wapi?" Nikamwambia niko kazini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hilo najua."